Gari la Njano la Dada Bualai

Mimi Inta si mtu wa kushtuka. Waulize wenye vibanda wote wa stendi ya Tha Lo. Nimeendesha bodaboda hapa tangu vijana wengi wa stendi hii hawajazaliwa. Nimebeba nguruwe mzima, nimebeba jokofu, nimebeba bibi harusi aliyebadili nia katikati ya njia akaniomba nimpeleke kwingine. Siku moja mlimani nyoka alichomoza kwenye taa ya pikipiki yangu. Nilisimama, nikamwamkia kwa viganja viwili, akashuka, tukaachana kwa heshima. Shule yangu ilikuwa ya hekaluni, na niliiacha siku mtawa mkuu alipogundua kwamba jogoo wa kupigana aliyekuwa akilala chini ya kitanda chake ni wangu. Kwa hiyo herufi ninazo, adabu ndiyo iliyobaki kule. Ukikuta kosa hapa chini, mlaumu jogoo.

Basi mtu kama mimi akikwambia kwamba alishtuka mpaka akakaa chini, kaa usikilize. Aliyenishtua ni Bualai.

Bualai ni mwanamke mfupi, mpana, mwenye kofia ya majani ambayo sijawahi kuona kichwa chake bila hiyo. Anaendesha gari la mabenchi, yaani ile pikapu yenye paa na mabenchi mawili nyuma yanayotazamana, kutoka stendi yetu mpaka Huai Tong, kijiji cha mwisho juu ya bonde, ambako barabara inachoka na kulala. Gari lilikuwa la mumewe. Mumewe aliliendesha msimu mmoja tu, homa ikamchukua. Wanaume wa bonde wakaja kumpa pole na kuulizia bei ya gari kwa pumzi moja. Bualai akawapa chai. Walipoondoka aliliingiza gari kwenye shamba la mpunga lililokwisha kuvunwa, akajifundisha kuendesha mwenyewe, akizunguka na kuzunguka, nyati wa jirani wakikimbilia mtoni. Baada ya mwezi wanaume wale wale walikuwa wamekaa nyuma kwenye mabenchi wakiomba washushwe mlangoni kwao.

Tatizo lilikuwa rangi. Gari lilikuwa bluu, na Bualai amezaliwa Jumapili.

Huku kwetu kila siku ya kuzaliwa ina rangi yake rafiki na rangi yake adui. Marehemu mumewe alikuwa mtu wa Ijumaa, bluu ilikuwa ndugu yake. Lakini mtu wa Jumapili kukaa ndani ya bluu kutwa nzima, kwenye kona za mlima zile, ni kujichimbia kaburi. Mtabiri wa hekaluni alimwambia wazi: alipaswa kupanda la njano. Kupaka gari zima ni kazi kubwa, na Bualai alikuwa mjane mpya. Akafanya kile ambacho watu wetu wote wenye akili hufanya. Alimwita Saeng, mchora maandishi wa Huai Tong, akamwambia aandike nyuma ya gari, juu ya kidaraja cha kupandia: GARI HILI NI LA NJANO.

Usicheke. Nyota hazishuki kukagua. Zinasoma tu.

Saeng aliandika vizuri. Herufi nyeupe, nene, na kila moja ina kivuli chekundu ubavuni kana kwamba jua la asubuhi linaipiga. Tangu siku hiyo gari likawa la njano. Mtu akiteleza ulimi na kusema "la bluu" karibu na Bualai, alikuwa anasimamisha gari. "Unaniombea ajali?" anauliza, kwa upole kabisa. "Shuka kwanza ukafikirie." Unashuka, unatembea. Ukipanda tena kesho yake, umekwisha kuona njano.

Mwalimu mmoja mgeni aliwahi kuwatoa watoto wa Huai Tong nje ya darasa wachore gari hilo, likiwa limeegeshwa mbele ya pua zao. Darasa zima likagombea penseli ya njano. Yule mwalimu aliomba uhamisho.

Sasa huyu Saeng. Alikuwa na mke, na mke alichoka na mlima. Mwaka ule ule wa yale maandishi, asubuhi moja, mke alipanda gari la Bualai na mtoto mgongoni, akasema mtoto ana joto, anampeleka kwa daktari. Bualai akawashusha stendi. Alipogeuza gari aliwaona wakipanda basi la kwenda Bangkok, na basi lenyewe, angalia dunia inavyocheza, ubavuni lilikuwa na maua na maandishi aliyoyachora Saeng kwa mkono wake. Mama na mtoto hawakurudi. Tulisikia wako kusini, Ranong, kwenye samaki.

Saeng hakumlaumu Bualai hata siku moja. Hilo ndilo lililomuuma Bualai. Angemtukana mara moja, wangemaliza.

Mwaka jana, baada ya mavuno, Saeng akaugua. Bualai ndiye aliyemshusha hospitali, amelala kwenye benchi, kichwa kwenye gunia la tangawizi. Njiani Saeng akagonga kile kidirisha cha nyuma ya dereva.

"Bualai. Yule mtoto atakuwa mtu mzima sasa."

"Atakuwa."

"Ningependa awepo siku ya moto wangu. Asiponijua hai, anijue hata jivu."

"Mimi ndiye niliyemtoa," Bualai akasema. "Mimi ndiye nitakayemrudisha. Nyamaza sasa, tunaingia kwenye mashimo."

Saeng alifariki kabla mwezi haujajaa. Bualai akamtafuta yule mtoto, kwa simu ya huyu kwenda kwa binamu ya yule, mpaka akampata. Jina lake Orathai, anachambua kamba wa baharini kwenye kiwanda cha samaki. Nilikuwa nimesimama karibu na Bualai stendi siku alipomwelekeza njia, kwa sauti ambayo Ranong wangeisikia hata bila simu.

"Usipande ndege, mwanangu. Ndege inashuka Nan mjini, ukitoka pale utaanza kubembeleza watu. Treni haijui mkoa wetu, itakutupa Den Chai uanze kulia. Panda basi la usiku kutoka Bangkok, ukae upande wa kushoto, ule wa kulia unavuja. Likikushusha Tha Lo utaona watu wa bodaboda wana vizibao vya rangi ya machungwa. Usiwasikilize. Hasa yule mwenye kipara."

Aliniangalia. Mimi ndiye mwenye kipara.

"Njoo moja kwa moja kwenye gari la njano. La njano, umesikia? Usipande jingine hata ukiitwa kwa jina lako."

Nilikuwa pale. Nilisikia kila neno. Na wala sikuona tatizo, kwa sababu hata mimi, nikifumba macho nikawaza gari la Bualai, ninaona njano.

Maiti ilikuwa imekwisha kusubiri siku nyingi juu ya barafu kwa ajili ya huyo binti, na kijiji kilikuwa kimechoka kukesha. Siku ya moto ikapangwa: alasiri ya siku ile ile atakayofika. Kuahirisha hakukuwezekana. Kesho yake ilikuwa siku ya mwiko, siku ambayo huku hakuna anayechoma maiti hata kama ni ya adui yake.

Basi likaingia asubuhi, ukungu bado umelalia paa za stendi. Bualai alikuwa ameegesha karibu na kibanda cha tambi, uso wa gari unatazama mabasi, yeye yuko kwenye usukani anakula wali wa kunata na nyama ya kuchoma. Pembeni yake alikuwa Muan, mwenyekiti wa kijiji cha Huai Tong, aliyeshuka kuchukua barafu na maua ya sandali ya mazishi. Abiria wakashuka. Kati yao alikuwa mwanamke mrefu, mwenye boksi jeupe la kubebea samaki, anatupa macho huku na huku.

"Dada, bodaboda?" nikamwita. Kazi ni kazi.

"Hapana mjomba, nimeshaambiwa gari langu." Akaniangalia kipara, akakaza mwendo.

Alipita mbele ya gari la Bualai, karibu kuligusa bampa. Bualai akamwangalia, akatafuna. Yeye akamwangalia Bualai, akapita. Akaenda mpaka mwisho wa stendi na kupanda gari la Thawi. Thawi ni kijana wa bonde jingine, Sop Lim, aliyeanza kazi mwaka huo huo. Likajaa, likaondoka.

Tukakaa. Stendi ikamwagika watu, ikabaki mbwa na sisi.

"Hajaja," Bualai akasema.

"Watu wa pwani hawaaminiki," Muan akasema.

"Mlikuwa mnamsubiri nani kwani?" nikauliza, kwa kuchokoza tu. "Yule mrefu mwenye boksi la samaki kaenda na Thawi zamani."

Bualai aliacha kutafuna. "Mrefu kama Saeng?"

Nilipofikiria, ndiyo. Mrefu kama Saeng, hata ule mwendo wa kuinamisha bega moja.

"Kwa nini apande la Thawi?" Bualai akasema. "Nilimwambia mara ngapi? La njano."

Nilimtazama Muan, Muan akatazama barafu yake. Mwishowe nikasema mimi, maana kipara nilikuwa nimeshatukaniwa.

"Dada Bualai. Gari la Thawi ni la njano."

"Na langu je?"

Alishuka. Tukasimama watatu mbele ya gari lile tulilopanda maisha yetu yote, tukalitazama kama watu walioitwa kutambua maiti. Lilikuwa bluu. Bluu ya kuanzia boneti mpaka mkia, bluu isiyo na msamaha. Nakwambia nilihisi ardhi imesogea. Nimelitegemea, nimelilalia, nimelimwagia maji ya Songkran, sikukuu yetu ya mwaka mpya, kila mwaka, na siku ile ndiyo nililiona. Muan alilishika kwa kidole, kama rangi ingetoka.

"Miaka yote nimezidanganya nyota," Bualai akasema polepole, "na aliyedanganyika ni mimi."

Halafu akafanya jambo lililonishtua kuliko rangi. Alivua shada la maua lililokuwa kwenye kioo cha ndani, analomwekea Bibi wa Gari, yule mwenyewe asiyeonekana anayelinda kila gari. Akainama mbele ya usukani, akanong'ona kitu, akalirudisha shada mahali pake. Kisha akamwekea Muan ufunguo mkononi. Ufunguo ule haujashikwa na mkono mwingine tangu mumewe afe.

"Peleka barafu na maua. Nimemwambia Bibi kwamba ni wewe. Usipige gia kwa hasira, hapendi. Moto usiwashwe mpaka nifike na mtoto."

"Dada, watawa wameshaalikwa, watu wa kijiji..."

"Muan. Usiwashwe."

Akanigeukia. Mimi nikajua kazi imefika, nikarekebisha kizibao changu, nikakaa kwenye pikipiki kifua mbele.

"Sogea nyuma," akasema.

"Nini?"

"Wewe unaendesha kama unabeba mayai. Sogea."

Hivyo ndivyo mimi, Inta, dereva wa kwanza wa bodaboda Tha Lo, nilivyotoka stendi nikiwa abiria wa pikipiki yangu mwenyewe, huku muuza tambi akinipungia kitambaa.

Sijui mwanamke huyu alijifunzia wapi pikipiki. Alilala kwenye kona mpaka nikawa nasoma changarawe. Thawi huzunguka kupitia darajani. Bualai akakata kulia kwenda kwenye kivuko cha mianzi, kile kinachovutwa kwa kamba kutoka ng'ambo hadi ng'ambo. Mwenye kivuko alikuwa anapiga mswaki. Bualai aliingiza pikipiki chelezoni bila kuomba, akashika kamba na kuanza kuvuta mwenyewe. Yule mzee alibaki ukingoni mswaki mdomoni.

"Kivuko changu," alisema.

"Kitarudi," Bualai akajibu.

"Kitarudije?"

Hilo ndilo hakuna aliyekuwa amelifikiria. Nimesikia alishinda upande ule mpaka mchana.

Tulimkuta Thawi mwisho wa njia yake, Sop Lim, anaosha gari lake la njano, njano kama papai. Alipomwona Bualai juu ya pikipiki na mimi nyuma alishusha ndoo.

"Shangazi, kuna nini? Mjomba Inta ni mgonjwa?"

"Mwanamke mwenye boksi yuko wapi?"

"Huyo? Alinitukana huyo. Tumefika hapa anauliza msiba uko wapi, nikamwambia hapa hajafa mtu tangu masika. Akakaa chini akalia. Simu yake imezima. Nikamwambia Huai Tong ni ng'ambo ya kilima, kuna pawatila ya maboga inapanda shambani, akadandia." Akakuna shingo. "Shangazi, anasema wewe ndiye uliyemwambia gari la njano. Nikamwambia ni kweli, la shangazi ni la njano, sasa imekuwaje ukapanda langu?"

Nilimtazama usoni nione kama anatania. Hatanii. Kijana alikuwa ameegemea gari la njano, mikono ina povu, na haoni kitu. Nikaogopa. Ugonjwa ulikuwa umevuka hadi bonde la pili.

Kilima kile hakina barabara, kina njia ya mashamba tu. Jua lilikuwa limeshavuka utosi tulipoikuta pawatila, inapanda kwa kikohozi, mkokoteni umejaa maboga, na juu ya maboga amekaa Orathai, boksi mapajani, mavumbi mpaka kwenye kope. Alitutazama kama mtu aliyeshachoka kushangaa.

"Wewe ndiye Shangazi Bualai?"

"Ndimi."

"Nilikuona. Ulikuwa unakula kwenye gari la bluu."

"La njano," Bualai akasema.

"Lilikuwa bluu."

"Ni la njano. Limeandikwa nyuma."

"Shangazi," Orathai akasema, "nimesafiri kutoka baharini. Nimebadili mabasi, nimekalia maboga. Naomba mtu mmoja katika mkoa huu aniambie kweli. Lile gari lina rangi gani?"

Bualai alivua kofia yake. Nakwambia, ana mvi nyeupe kabisa. Hata hilo sikulijua.

"Ni bluu, mwanangu," akasema. "Ni bluu. Yale maandishi aliyaandika baba yako. Aliyaandika vizuri mno, sote tukayaamini."

Orathai alishuka kwenye maboga, akajipangusa, akaja akakaa kwenye pikipiki. Mimi nikasogezwa mpaka kwenye taa ya nyuma, boksi la samaki kichwani, nimelishika kwa mikono miwili.

Njiani alimuuliza Bualai baba yake alikuwaje.

"Mrefu. Mkimya. Akichora anatoa ulimi nje, kama ng'ombe."

"Na mimi," Orathai akasema. "Nikichambua kamba." Baadaye kidogo akasema, "Nimemletea samaki wakavu. Sikujua mtu anakuja na nini kwa baba asiyemjua."

Juu kabisa ya kilima mnyororo ukakatika. Ukaruka kama nyoka, ukaingia kwenye nyasi, basi. Jua lilikuwa limeanza kuinama. Chini tuliiona barabara ya Huai Tong, na moshi.

"Wamewasha," Orathai akasema.

"Huo ni wa jikoni," nikasema. Sikuwa na hakika hata kidogo.

Bualai alisukuma pikipiki kwa miguu mpaka kwenye mteremko, akainua miguu, tukaanza kushuka bila injini. Hujawahi kusikia ukimya kama ule. Upepo tu, na breki zikilia, na samaki wakavu juu ya kichwa changu wakicheza. Tukaingia barabarani, tukachukua kona ya kwanza, tukachukua ya pili.

Na pale, katikati ya barabara, Saeng alikuwa anakuja kwetu.

Sikiliza. Huku juu, maiti hubebwa ndani ya mnara wa mbao na karatasi za rangi, mrefu kuliko nyumba, umewekwa kwenye magurudumu, na kijiji kizima huuvuta kwa kamba ndefu, watawa wakitangulia na uzi mweupe. Huvutwa kutoka nyumbani kwenda msituni, mahali pa moto. Huvutwa kwenda. Maishani mwangu sijawahi kuona ukija. Tena ukija kwa kasi, umetuelekea, karatasi za dhahabu zinapepea, na nyuma yake linatambaa gari la bluu likipiga honi. Bualai anadai nilipiga ukunga. Ulikuwa ni upepo kwenye boksi.

Breki zilishika karibu na miguu ya mtawa wa kwanza, ambaye alikuwa akihema vibaya, jasho limeloanisha vazi lake. Mtawa mkuu alikuwa ndani ya gari la bluu, amekaa mbele, kwa ajili ya magoti yake. Muan akateremka kwenye usukani. Uso wake ulikuwa umekauka.

"Muan," Bualai akasema. "Mnafanya nini?"

"Ulisema usiwashwe."

"Nilisema usiwashwe. Sikusema umlete barabarani."

"Sasa dada, ningefanyaje? Saa ya kumtoa nyumbani ilifika, mtawa mkuu akasema atoke, akatoka. Tumevunja mtungi wa maji mlangoni, ngazi tumeigeuza. Tumefika njia panda hampo. Nyumbani harudi, hilo unalijua, maiti ikishatoka hairudi, itamchukua mwingine. Motoni haendi bila mwanawe, umesema. Na kusimama njiani ni kuwakaribisha wasioonekana. Nikasema basi, tembeeni. Tumezunguka shule. Tumezunguka hekalu. Tumempitisha kwenye kila ukuta aliowahi kuuandika. Kuta zikaisha. Ndipo nikasema tumlete tu huku, tumpokee mgeni pamoja naye."

Kijiji kizima kilikuwa kimesimama na kamba mkononi, vikongwe na watoto wa shule, wote hoi. Bibi mmoja alikuwa amekaa chini juu ya kamba yenyewe.

"Magoti yangu yanawashukuruni kwa kufika," mtawa mkuu akasema kutoka dirishani.

Nimeona ajali, nimeona mafuriko, nimeona mtu akitangazwa amefariki kisha akaomba sigara. Lakini kijiji kizima kimemkokota marehemu mchana kutwa kwa sababu Bualai alitoa neno stendi, hilo lilinitoa nguvu. Nikakaa kwenye changarawe, boksi mapajani.

Orathai alikuwa amesimama anautazama ule mnara. Halafu akaja, akachukua boksi kwangu, akatoa samaki mmoja mkavu. Muan akamnyanyua mpaka kwenye mkokoteni wa mnara. Huku kwetu marehemu huitwa kula, unagonga jeneza umwambie chakula kipo. Nadhani na kusini ni hivyo hivyo, maana hakuna aliyemfundisha. Alibisha taratibu, kama mtu anayebisha hodi mlango asioujua.

"Baba," akasema. "Kuna samaki. Ule."

Akashuka. Akapita upande wa pili, kwenye gari la Bualai, akazunguka nyuma. Sote tulimwona akisoma. Alipitisha kidole kwenye herufi, kwenye kile kivuli chekundu, moja baada ya nyingine. Ulimi ulikuwa umemtoka nje kidogo.

Kisha akarudi mbele, akashika kamba. Bualai akashika nyuma yake. Bibi aliyekalia kamba akanyanyuliwa, mnara ukageuzwa, na Saeng akavutwa kwenda alikopaswa kwenda. Moto uliwashwa jua likigusa mlima, siku ya mwiko bado haijaingia. Hata mimi nilivuta, ingawa nilikuwa mgonjwa wa shingo kwa ajili ya boksi.

Orathai alikaa mpaka majivu yakaokotwa. Siku ya kuondoka Bualai alimteremsha stendi mwenyewe, akamkalisha mbele, na alipomwingiza kwenye basi alibaki amesimama pale hadi lilipopotea. Mara hii alikuwa anajua anampeleka wapi.

Baadaye Bualai akalipaka gari rangi. Alilipaka mwenyewe, kwa brashi, kwenye lile shamba alilojifunzia kuendesha. Alilipaka njano kuanzia boneti, milango, paa, mpaka nyuma. Akaacha kipande kimoja tu juu ya kidaraja cha kupandia, ambapo hakuthubutu kugusa. Kwa hiyo sasa ukifika Tha Lo utalikuta, njano tupu, na nyuma yake, juu ya kiraka pekee cha bluu kilichobaki, herufi nyeupe zinasema GARI HILI NI LA NJANO.

Siku ya kwanza aliposhuka nalo stendi nilisubiri nione watu watasema nini. Akaegesha karibu na kibanda cha tambi. Watu wa Huai Tong wakapanda na vikapu vyao na kuku wao, wakaketi, wakaanza kulalamika kuhusu bei ya tangawizi.

Hakuna aliyegundua chochote.